Mkonge Unapougua: Kumtambua Adui Kabla ya Kutafuta Dawa

Wengi wetu tumezoea kuudhania mkonge kuwa mmea usiojua maradhi. Huota pembezoni mwa shamba la shule bila kumwagiliwa maji, hustahimili kiangazi, na miiba yake huwazuia ng'ombe. Kumbe ugumu huo ni wa nje tu. Katika jani bichi la mkonge, nyuzi ni kiasi cha sehemu 4 tu kwa mia ya uzito wake. Sehemu iliyo kubwa ni maji na nyama laini. Ngozi yenye nta ndiyo ngome ya mmea. Ngome hiyo ikitobolewa, adui hukuta karamu imeandaliwa.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ni 62 tu vilivyosalimika, vikapandwa karibu na Pangani, na huo ukawa mwanzo wa zao hili Tanganyika. Mkonge haupandwi kwa mbegu, bali kwa vichipukizi vya mlingoti au vya shinani. Kwa hiyo kila mche ni nakala ya mzazi wake, na ugonjwa uwezao kuuangusha mmoja waweza kuwaangusha na ndugu zake wote.

Mwalimu mmoja aliwahi kuniletea jani lililooza, akataka nimtajie dawa ya kunyunyizia. Nilimjibu kwa swali: uozo ulianzia wapi? Hapo ndipo uchunguzi wote unapoanzia.

Ikiwa majani machanga ya katikati, yale yaliyofungana kama mkuki, yana matundu, mshukiwe fukusi wa mkonge, Scyphophorus acupunctatus. Huyu ni mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu, ambaye asili yake ni nchi za Amerika. Mabuu yake meupe, yasiyo na miguu, hutoboa shina fupi la mmea, na vidonda hivyo huwa mlango wa vijidudu vya uozo.

Ikiwa uozo umeanzia penye vikonyo vya majani yaliyokatwa, ukashuka hadi shinani, aghalabu mhalifu ni kuvu aitwaye Aspergillus niger. Huyu huingia kwa njia ya jeraha la kisu, hasa majani yanapokatwa wakati wa mvua.

Ikiwa jani lina mabaka yenye mistari ya kupokezana kama ya punda milia, huo ni ugonjwa wa Phytophthora, unaoushambulia zaidi mkonge chotara namba 11648 katika ardhi inayotuamisha maji. Kiumbe hiki zamani kilihesabiwa kuwa kuvu. Leo wataalamu wamekitenga katika kundi lingine. Vijimbegu vyake huogelea majini.

Lakini ikiwa majani ya chini yamepata ukanda mkavu karibu na kitako, kisha yakapinda na kuanguka, usimtafute mdudu wala kuvu. Mmea huo una njaa ya potasiamu. Hakuna sumu iwezayo kuponya njaa, unahitaji mbolea.

Hebu tuzingatie tofauti ya tiba. Dhidi ya fukusi, ng'oa na kuteketeza mashina makuukuu yanayooza, maana ndimo anamozaliana, kisha panda miche iliyokaguliwa. Dhidi ya Aspergillus, kata majani wakati wa ukavu. Dhidi ya Phytophthora, chimba mifereji ya kutoa maji. Shina likisha kuoza ndani, hapana dawa ya kuliokoa. Ung'oeni mmea huo ili kuwanusuru jirani zake.

Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili wenyewe. Chukueni shina la mkonge uliokufa, mlipasue kwa uangalifu kutoka juu hadi chini, kisha mchore kila mnachokiona: njia za mabuu, rangi ya uozo, na mahali ulipoanzia. Anayenyunyiza dawa kabla ya kulipasua shina hubahatisha tu, na gharama ya kubahatisha huko hulipwa na shamba.