Sanduku la Mwanafunzi wa Bweni

Mtoto aendaye kukaa bweni yampasa kwanza aijue nchi aendako, ndipo afunge sanduku lake.

Korogwe iko bondeni, kando ya Mto Pangani. Nchi ile ni ya joto, na mbu ni wengi. Mwaka 1897 tabibu Mwingereza, Ronald Ross, alipokuwa Bara Hindi, aliviona vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu. Mbu huyo huuma hasa usiku, watu walalapo. Basi kitu cha kwanza ni chandarua chenye dawa. Na kichomekwe chini ya godoro pande zote. Cha pili ni sindano na uzi, maana tundu moja lisiposhonwa, mbu huingia.

Handeni iko juu zaidi, na wakati wa kiangazi maji huwa haba. Aendaye huko achukue ndoo yenye kifuniko, tena blanketi kwa baridi ya Julai.

Sabuni, mswaki na ndala hutakiwa pote. Vyote vitiwe katika sanduku la bati lenye jina na kufuli, na ufunguo uvaliwe shingoni kwa kamba. Orodha ya vitu ibandikwe ndani ya kifuniko. Hivyo kitu kikipotea, mwenyewe atajua siku ile ile, wala hatamshuku mwenziwe bure.

Wazee husema, Fimbo ya mbali haiui nyoka. Na chandarua kilichoachwa nyumbani hakizuii mbu.