Kitanzi si dhambi: kufuata mnyororo wa majirani katika MATLAB

Swali hili huletwa na wanafunzi wa haidrolojia, na wachora ramani, hata na wahandisi waliozeeka kazini, na halibadiliki: "Mwalimu, nina matriksi ambayo kila seli inataja namba ya seli jirani inayofuata. Nifanyeje niufuate mnyororo mpaka mwisho, bila kutumia kitanzi?" Swali ni zuri isipokuwa maneno yake matatu ya mwisho. Hayo matatu yanawapotezea watu muda, na yanazaa misimbo mibovu ambayo haikuwa na sababu ya kuzaliwa.

Tuchukue maji, maana ndiko ninakolikuta tatizo hili mara nyingi. Kwa kanuni ya D8, ambayo O'Callaghan na Mark waliieleza mwaka 1984, maji ya kila seli ya ramani ya mwinuko hupelekwa kwa jirani mmoja tu kati ya wanane, yule ambaye mteremko wa kumwendea ni mkali kuliko wote. Ukimaliza kukokotoa unabaki na orodha moja, tuiite P: ukiuliza P(k), unajibiwa namba ya seli inayopokea maji ya seli k. Isiyokuwa na pa kuyapeleka hujitaja yenyewe. Sasa unataka kujua tone lililoanguka kwenye safu za Mau, Kenya, linapita wapi hadi Ziwa Natron, Tanzania, kwa njia ya Ewaso Ng'iro ya Kusini.

Ni sawa na mgeni anayeuliza njia nyumba kwa nyumba, mahali ambapo kila mwenyeji anaijua nyumba ya jirani yake mmoja tu. Huwezi kuuliza nyumba ya kumi kabla hujafika ya tisa, kwa sababu hujui hata ni ipi. Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Hatua inayofuata inategemea jibu la hatua iliyotangulia, na hakuna ufundi wa uandishi unaoweza kuliondoa tegemeo hilo. Kazi yenyewe ni hii:

k = mwanzo; n = 1;
njia = zeros(numel(P),1); njia(1) = k;
while P(k) ~= k && n < numel(P)
    k = P(k);
    n = n + 1;
    njia(n) = k;
end
njia = njia(1:n);

Basi. Anayeusoma anauelewa, na mnyororo wa seli elfu kumi unamalizika kabla hujaondoa kidole kwenye kibodi.

Lakini hapana, msimbo huu una kitanzi, na mtu amefundishwa kwamba katika MATLAB kitanzi ni sumu. Amefundishwa na nani? Na aliyefundishwa na mwingine, na huyo naye na kitabu cha zamani. Ushauri ule ulikuwa na haki yake wakati ambapo MATLAB iliusoma na kuufasiri kila mstari upya katika kila mzunguko. Toleo la 6.5 la mwaka 2002 lilileta kiharakishi kinachogeuza vitanzi kuwa lugha ya mashine wakati programu ikiendelea kufanya kazi, na toleo la R2015b likabadilisha injini nzima ya utekelezaji. Wapo wanafunzi wanaokatazwa vitanzi leo ambao mwaka 2002 walikuwa hawajazaliwa. Kuzishughulikia vekta nzima kwa pamoja bado ni jambo jema pale ambapo kila kipengele kinajitegemea: kuzidisha, kujumlisha, kulinganisha. Mnyororo si kazi ya namna hiyo.

Kibaya zaidi ni dawa za mitaani zinazouzwa badala ya kitanzi. Inayoongoza ni `arrayfun`. Mtu anafuta `for`, anaweka `arrayfun`, mistari inapungua, anafurahi. Kilichotokea ni kwamba kitanzi kimefichwa ndani, na juu yake umeongezwa wito wa funksheni kwa kila kipengele, wito ambao mara nyingi una gharama kubwa kuliko kazi yenyewe. Pima kwa `tic` na `toc`, au vizuri zaidi kwa `timeit`, kisha uniambie umeokoa nini. Na kwa mnyororo dawa hii haifai hata kwa bahati, kwa kuwa `arrayfun` haikupi njia ya kukabidhi jibu la kipengele kimoja kwa kinachofuata.

Wengine wanakimbilia funksheni inayojiita yenyewe. MATLAB kwa kawaida inaruhusu miito 500 ya aina hiyo, halafu inakataa. Kwa seli za mita 30 hizo ni kilomita 15 za mto unaokwenda moja kwa moja, au 21 ukienda mshazari. Mto wako unakufa njiani kwa sababu ya mtindo wa uandishi. Kikomo kinaweza kupandishwa, ndiyo, na ukikipandisha kupita kiasi programu nzima inaweza kuanguka.

Wapo pia wa matriksi ya ujirani, yenye mstari kwa kila seli na safu kwa kila seli, wanayotaka kuizidisha yenyewe kwa yenyewe. Kipande kimoja cha SRTM, zile data za mwinuko zilizokusanywa na chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000, kina seli 3,601 kwa 3,601, yaani 12,967,201. Matriksi kamili ya ujirani wa seli hizo ingehitaji zaidi ya terabaiti 1,300 za kumbukumbu. Ukiibana kwa `sparse` inaingia kwenye kompyuta, ila kila kuzidisha kunakuvusha hatua moja tu, ileile ambayo P(k) ilikuwa inakupa bure.

Ipo njia moja ya kweli isiyotembea hatua kwa hatua, na inafaa unapotaka kujua mwisho wa seli zote kwa pamoja: P = P(P). Ukirudia, miruko inakuwa ya hatua 2, kisha 4, kisha 8. Kwa kipande chetu marudio 24 yanatosha hata mnyororo ungekuwa mrefu kiasi gani. Ni njia nzuri, naipenda, lakini ina madhara mawili. Inaipoteza njia na kukuachia mwisho peke yake. Na inaficha ugonjwa: seli mbili zikitajana, A ikiitaja B na B ikiitaja A, basi baada ya mruko mmoja tu A inajitaja yenyewe na B vilevile, na zote mbili zinaonekana kama maziwa halali. Hakuna ujumbe wa kosa utakaokuja. Kagua mizunguko kabla ya kuruka.

Mizunguko hutoka wapi, ikiwa maji hushuka tu? Hutoka kwenye maeneo tambarare yaliyoelekezwa ovyo, na kwenye ukingo wa matriksi. MATLAB inahesabu seli kwa kushuka safu wima, hivyo katika kipande chetu jirani wa kusini ni k+1 na wa mashariki ni k+3601. Chini ya seli 3601 hakuna kitu, lakini k+1 inakupa 3602, ambayo ni ya juu kabisa kwenye safu ya pili. Maji ya ukingo wa kusini yameibukia kaskazini, kilomita 111 hivi kutoka yalipokuwa. Zungushia matriksi ukingo wa `NaN` kabla ya kutafuta majirani, tatizo linakwisha.

Yaliyobaki kwa haraka. Usitumie 0 kuonyesha mwisho. MATLAB inaanza kuhesabu na 1, na P(0) ni kosa. Ramani yako ikija na namba za mwelekeo 1, 2, 4, 8 hadi 128, hizo si namba za seli: zigeuze kwanza, 1 iwe +m, 2 iwe m+1, 4 iwe +1, na kuendelea kwa mwendo wa saa, m ikiwa idadi ya safu mlalo. Ukiwa na vianzio vingi, weka alama kwenye seli ulizopita na usimame ukikuta alama. Ukitaka jumla ya maji, panga seli ili mtoaji atangulie mpokeaji kisha pita mara moja kwa `for`. TopoToolbox, zana ya MATLAB ya kuchambua ramani za mwinuko, inafanya hivyo hivyo. Kusaka mizunguko, tumia `digraph` na `conncomp`: kundi lolote lenye seli zaidi ya moja ni mzunguko. Na ukitumia zana ya kujaza mashimo, yaani seli zisizo na pa kupeleka maji, iache Natron, Eyasi na Rukwa. Maziwa hayo hayana mto unaotoka. Ukiyajaza utakuwa umeusukuma Ewaso Ng'iro mpaka ukingo wa ramani.

Kabla ya kuupa msimbo kipande kizima, upe matriksi ya 5 kwa 5 yenye shimo moja katikati, shimo moja pembeni, na jozi moja ya seli zinazotajana. Usipoitaja jozi hiyo kuwa kosa, haujawa tayari.