Penduli ya kuchomelea au geofoni ya kununua?

Anayetaka kuweka kipima tetemeko nyumbani au kwenye maabara ya shule ana njia tatu. Anaweza kununua geofoni tupu, yaani kihisi cha mtikisiko wa ardhi, akaiunganishia umeme wake, akanunua mashine iliyokamilika kama Raspberry Shake, au akajichomelea penduli. Bei zinapishana sana, lakini kabla ya bei amua unataka kuona matetemeko yapi. Kifaa kinachonasa vizuri mtikisiko wa jirani kinaweza kuwa kiziwi kwa sehemu kubwa ya tetemeko lililopiga Chile.

Tetemeko la karibu hutikisa ardhi haraka, mara kadhaa kwa sekunde moja. Waliokuwa Bukoba tarehe 10 Septemba 2016, siku ya lile tetemeko la ukubwa wa 5.9, hawahitaji kuelezwa. Mawimbi ya tetemeko kubwa la mbali ni mambo mengine. Yale yanayosafiri juu ya uso wa dunia hufika yakiwa ya polepole mno, wimbi moja likichukua kama sekunde 20 kupanda na kushuka. Unaweza kuwa umekaa kitini, nyumba nzima ikapanda na kushuka nawe, usihisi lolote.

Geofoni ya kawaida hutengenezwa kwa kazi ya watafuta mafuta, na hufanya kazi vizuri kuanzia mitikisiko 4.5 kwa sekunde kwenda juu. Moja huuzwa takriban dola 50 hadi 100, kabla ya usafiri na ushuru. Ni ndogo, haina cha kurekebishwa, na ukiibana kwenye zege umemaliza. Lakini chini ya kiwango chake usikivu huporomoka: kwa wimbi la sekunde 20, ishara inayotoka ni kama sehemu moja ya 8,000 ya ile ambayo ingetoka kwa mtikisiko wa kasi ileile ndani ya kiwango. Kikuza ishara hakiokoi kitu hapo, maana kinakuza na kelele zake.

Raspberry Shake, inayotengenezwa Panama, ni geofoni hiyohiyo iliyofungwa kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Umeme wake hunyoosha usikivu kidogo kuelekea mawimbi ya polepole, huchukua vipimo 100 kwa sekunde, na hutuma data kwenye intaneti yenyewe. Unalipa dola mia kadhaa ili usisumbuke, na kwa mwalimu mwenye vipindi thelathini kwa wiki hiyo ni bei ya haki.

Penduli inaweza kuwa nafuu kuliko zote, na ndiyo inayodai kuliko zote. Ukining'iniza uzito kwenye kamba ya mita 1, unaenda na kurudi kwa sekunde 2. Ukitaka sekunde 20 unahitaji kamba ya mita 99. Ujanja wa kukwepa mnara huo ni wa zamani: fanya kama mlango ambao bawaba zake hazikupiga timazi, ule ambao ukiuachia hujirudi wenyewe polepole mpaka mahali pake. Kadiri mhimili unavyokaribia wima kamili, ndivyo mwendo unavyozidi kuwa wa polepole. Kwa penduli ya namna hiyo Ernst von Rebeur-Paschwitz, mwanafalaki wa Kijerumani, alinasa kule Potsdam tetemeko la Japani la mwaka 1889, la kwanza kutambuliwa kwa kifaa kutoka mbali kiasi hicho. Watengenezaji wa nyumbani huliita umbo hili Lehman, kwa jina la mwalimu wa chuo kikuu huko Virginia ambaye mchoro wake ulitoka katika Scientific American ya Julai 1979.

Sasa vifaa. Mkono wa sentimita 60 upate kwenye mabaki ya alumini ya mafundi madirisha. Chuma kikwepe, kwa sababu sumaku, ambazo pamoja na koili hugeuza mwendo kuwa ishara ya umeme, zitakivuta. Uzito wa kilo mbili hadi tano unatosha. Kuongeza kilo hakubadilishi mwendo, kunasaidia tu kushinda msuguano. Risasi ya betri za magari ni nzito na rahisi kupata, lakini moshi wake wa kuyeyushia ni sumu, kwa hiyo tafuta shaba nyeupe chakavu. Sumaku kali zimo ndani ya diski ngumu mbovu za kompyuta. Waya mwembamba wa koili wanao mafundi wanaosuka mota. Pia usisahau bamba la alumini au shaba lipite katikati ya sumaku ili kuvunja mwendo, la sivyo penduli itaendelea kubembea baada ya wimbi kupita na mchoro wako utakuwa hadithi ya penduli, si ya ardhi.

Vyote hivyo mara nyingi haviizidi bei ya geofoni mbili. Mahali pa kutobana senti ni pawili tu.

Kwanza ni egemeo, pale mkono unapogusa nguzo. Fundi atakupendekezea beringi nzima, umkatalie. Grisi na gololi nyingi zina msuguano wa kutosha kumeza mwendo mdogo unaoutafuta. Toa gololi moja tu, iegemee bamba bapa la chuma kigumu lililosuguliwa hadi ling'ae. Ncha kali ya skrubu nayo hutumika, ila huchakaa.

Pili ni kitako na bolti zake. Kwa mkono wa sentimita 60 na kitako cha urefu huohuo, mwendo wa sekunde 15 unataka mhimili uinamishwe kama milimita 6.4 kutoka ncha hadi ncha ya kitako. Wa sekunde 20 unataka milimita 3.6. Tofauti hiyo, kwa bolti ya kawaida ya M6, haifiki mizunguko mitatu ya nati. Kitako cha mbao kikifura kwa masika kitakuharibia yote hayo usiku mmoja. Tumia bamba nene la alumini au zege, bolti zenye uzi mwembamba, na juu ya yote sanduku lisilopitisha upepo.

Hapo ndipo wengi hujiponza kwa kufukuzia sekunde nyingi. Penduli ya sekunde 20 husogea mara nne ya ile ya sekunde 10 kwa mwinamo uleule wa sakafu. Mwinamo wa milimita moja kwa kilomita nzima unaisogeza sehemu ya kumi ya milimita. Jua la mchana ukutani, mvua iliyolowesha udongo, mtu aliyepita karibu: vyote huandikwa. Maoni yangu ni kuishia sekunde 12 hadi 15; utaona mawimbi ya mbali vizuri, na hutalazimika kuirekebisha kila asubuhi.

Gharama ya pamoja kwa penduli na geofoni tupu ni ile ya umeme na kompyuta. Kibadilishi cha kugeuza ishara kuwa tarakimu, kile cha biti 16, hupatikana chini ya dola 10, cha biti 24 ni mara mbili au tatu ya hapo, na mimi ningelipa hiyo nyongeza. Penduli ina unafuu wake hapa: vipimo 10 au 20 kwa sekunde vinatosha, hivyo hata kompyuta kuukuu inaweza kazi. Saa yake lazima iwe sahihi, kwa intaneti au GPS.

Penduli za springi za wima sizishauri kwa anayeanza. Springi ya kawaida ya sekunde 2 lazima ivutwe mita nzima na uzito wake, na dawa ya mwanafizikia LaCoste ya mwaka 1934, springi inayotenda kana kwamba urefu wake wa asili ni sifuri, si kazi ya karakana ya mtaani. Mashine za kitaalamu, za dola 10,000 na zaidi, waachie vituo kama KMBO cha Kilimambogo na MBAR cha Mbarara. Data zake ziko wazi, na ni kipimo kizuri cha kulinganishia mchoro wako.

Kwa hiyo, ukiwa Bukoba, Mbeya au Kigoma na unataka kujua kinachotokea chini ya miguu yako, nunua geofoni au Raspberry Shake. Ukiwa na chumba tulivu cha chini chenye sakafu ya zege iliyokaa juu ya ardhi, na wanafunzi wenye hamu, chomelea penduli. Ukiwa ghorofani, penduli usiijaribu kabisa.