Saini zaidi ya milioni, msimu haukurudiwa: je, maombi ya mashabiki mtandaoni yana nguvu?

Umewahi kusaini ombi mtandaoni kwa sababu tamthilia uipendayo imeharibiwa? Basi hauko peke yako. Mwaka 2019, zaidi ya watu milioni moja waliitaka HBO itengeneze upya msimu wa 8 wa Game of Thrones. HBO haikufanya hivyo.

Sasa turudi nyuma hadi 2007. Televisheni ya CBS ya Marekani iliifuta tamthilia ya Jericho. Mashabiki hawakuishia kulalamika. Walinunua karanga, zaidi ya tani 20, wakazituma ofisini kwa CBS! Karanga zilitokana na neno alilotamka mhusika mkuu katika kipindi cha mwisho, akikataa kusalimu amri. CBS ikalegea, ikaagiza vipindi 7 vipya.

Kwa nini karanga zifaulu, saini zishindwe? Mchumi Michael Spence alitupa ufunguo mwaka 1973: ishara huaminika pale inapokuwa ghali kwa mtu anayeigiza tu. Saini ni bure. Hata asiyetazama tamthilia anaweza kusaini akiwa anasubiri daladala. Lakini nani atoe hela yake kununua karanga za kumpelekea bosi wa televisheni, kama hana mapenzi ya kweli?

Jambo la pili ni muda. Trela ya filamu ya Sonic the Hedgehog ilipotoka Aprili 2019, watu waliichukia sura ya Sonic. Siku chache baadaye mwongozaji aliahidi kuirekebisha, na filamu ikasogezwa kutoka Novemba hadi Februari 2020. Hapo hakuna tiketi iliyokuwa imeuzwa, kwa hiyo kampuni ilikuwa na cha kupoteza. Game of Thrones je? Kelele zilipopamba moto, msimu mzima ulikuwa umesharekodiwa.

Ila usishangilie mapema. Jericho ilirudi 2008, watazamaji wakawa wachache, ikafutwa tena. Karanga ziliinunulia nafasi ya pili tu. Kuibakisha hewani kulihitaji watu wakae waitazame.

Kwa hiyo ukiletewa ombi la kusaini, jiulize maswali mawili: je, kampuni bado inasubiri pesa yangu? Na je, niko tayari kufanya nini zaidi ya kubofya? Kama majibu ni "hapana" na "hakuna", saini tu ukipenda, lakini usikae ukisubiri msimu mpya.