Nakala Rudufu za Barua Pepe Kabla ya Kufungwa kwa EWS: Mfano wa Ofisi za Nyakabiga
Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba, kuanzia Oktoba 2026, huduma yake ya barua pepe ya wingu itaanza kuifunga EWS, mlango wa tangu 2007 ambao programu nyingine hupitia kusoma barua. Mrithi ni Graph. Kwa ofisi ya Nyakabiga, Bujumbura, barua zenyewe hazimo hatarini. Kilichomo hatarini ni programu ya nakala rudufu inayotegemea EWS, ambayo itaacha kunakili, pengine kimyakimya. Neno “kustaafishwa” linalipunguzia tukio hili uzito. Msimamizi amuulize mapema mwuzaji programu hupitia mlango upi, kisha ajaribu kurejesha barua chache. Visanduku vya kumbukumbu vichunguzwe zaidi, maana Graph ilichelewa kuvifikia. Seva za Exchange zilizomo ofisini hazihusiki.