Jeep ya Vita Mikononi mwa Raia: Kazi ya Kulifufua Gari la Jeshi

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha mwaka 1945, majeshi yalibaki na maelfu ya magari yasiyokuwa na kazi tena, na mengi yakauzwa kwa raia. Miongoni mwao ilikuwamo jeep, gari dogo linalosukumwa na magurudumu yote manne, ambalo viwanda vya Willys-Overland na Ford vya Marekani vilitengeneza zaidi ya 600,000 kati ya 1941 na 1945. Mmoja wa raia waliotumia jeep kuukuu ya jeshi alikuwa Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, aliyekuwa nayo shambani kwake kisiwani Anglesey, Wales. Gari hilo ndilo lililompa, mwaka 1947, wazo la Land Rover, ambayo ilionyeshwa hadharani Amsterdam mwezi Aprili 1948. Msomaji aliyepata kupanda Land Rover katika barabara zetu za vumbi na matope amekwisha kumjua mtoto wa jeep.

Hadi leo wako watu wengi, hasa Ulaya na Marekani, wanaomiliki jeep za vita na kuzitengeneza kwa mikono yao. Wote hukutana na jambo moja la ajabu: gari lililostahimili vita huharibika likiwa limetulia bandani. Sababu zake ni za kisayansi, na yafaa zijulikane na kila mwenye gari kuukuu.

Kutu

Chuma hutokana na mawe ya madini ambamo kimeungana na oksijeni. Tanuri huvitenganisha kwa moto mkali. Kutu si kitu kingine ila chuma kurudia muungano wake wa asili. Ili kutu ifanyike, maji na oksijeni havina budi kuwapo pamoja, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Fremu ya jeep ina mapango ndani yake, ambamo tope huingia na kukaa na unyevu. Kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huvimba na kupasua maungio kutoka ndani. Kupaka rangi juu yake ni sawa na kumvika mgonjwa nguo mpya.

Vipande vidogo huweza kusafishwa kwa umeme. Kipande hutumbukizwa katika maji yenye sodiamu kaboneti, ambayo ni ndugu wa magadi ya Ziwa Natron, kisha huunganishwa na upande hasi wa chaja ya betri. Bamba la chuma cha kawaida huunganishwa na upande chanya. Hapa pana hatari mbili. Kwanza, haidrojeni inayotoka huweza kulipuka. Kazi hiyo ifanyike mahali penye hewa, mbali na moto. Pili, bamba la chuma kisichoshika kutu lisitumike kamwe, kwa maana kromiamu iliyomo huweza kugeuka sumu majini.

Injini nayo huumia kwa kusimama. Oili huteremka, unyevu wa usiku hutua juu ya kuta za silinda, na pistoni hushikana nazo. Injini iliyolala miaka mingi isiwashwe kwa pupa: oili kidogo itiwe kupitia matundu ya plagi, kisha injini izungushwe polepole kwa mkono. Na ikiisha kuwaka, iachwe ipate moto sawasawa. Petroli inapoungua hutoa maji. Injini izimwapo ikiwa baridi bado, maji hayo hubaki ndani ya oili.

Umeme wa volti 6

Jeep ya vita hutumia volti 6. Taa ya wati 36 huhitaji ampea 6 katika mfumo huo, lakini ampea 3 tu katika mfumo wa volti 12. Kiungo kimoja chenye kutu kikiongeza ukinzani wa omu 0.1, gari la volti 6 hupoteza takriban volti 0.6, yaani sehemu moja ya kumi ya nguvu ya betri; lile la volti 12 hupoteza volti 0.3, yaani sehemu moja ya arobaini. Ndiyo maana taa za jeep zikififia, mara nyingi dawa si betri mpya, bali kukwangua na kukaza viungo vya waya unaounganisha betri na fremu. Jeep ya jeshi iliyofuata, M38 ya mwaka 1950, ilipewa volti 24.

Breki na magurudumu

Hapa kosa huweza kuua. Breki za jeep hutegemea pampu kuu moja na njia moja ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likitoboka, gari zima hukosa breki. Aidha, mafuta ya breki ya kawaida hufyonza unyevu wa hewa. Maji hayo huleta kutu ndani ya silinda, na mafuta yakipata joto huchemka na kufanya mvuke. Hapo pedali huzama bila gari kusimama. Mafuta hayo hayana budi kubadilishwa kila baada ya miaka michache, hata kama gari halikutembea.

Lainingi za breki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Vumbi hilo lisipulizwe kwa hewa wala kupigwa brashi likiwa kavu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji.

Jeep nyingi za vita zina rimu za vipande viwili vilivyokazwa kwa nati 8, mbali na nati 5 zinazoshika gurudumu kwenye ekseli. Mtu akifungua zile 8 wakati tairi lina upepo, vipande hufyatuka kwa nguvu ya kuua. Upepo utolewe wote kwanza.

Ushahidi usifutwe

Gari la jeshi ni waraka pia. Vibao vya namba, matabaka ya rangi na viraka vya mafundi wa vitani hueleza lilikopita. Mwenye gari alipige picha na kuandika anachokiona kabla ya kulipiga msasa, kwa maana tabaka likiisha kuondolewa halirudi.

Mafundi wetu wanaozitunza Land Rover za zamani hukabiliana na maadui hao hao: unyevu, viungo vichafu na mafuta yaliyochakaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika breki, ufa hautoi nafasi ya kujenga.