Ioni Nzito Yaishinda Nyepesi: Safari Ndani ya Arigoni

Nianze na swali. Ioni mbili zinashindana mwendo ndani ya gesi ya arigoni. Moja ni atomi moja iliyopoteza elektroni moja. Nyingine ni atomi mbili zilizoshikana, nazo kwa pamoja zimepoteza elektroni moja tu. Msukumo wa umeme ni uleule, lakini ya pili ina uzito mara mbili. Ipi itatangulia? Wengi wetu tungesema nyepesi. Kumbe sivyo!

Katika kanieneo ya kawaida ya hewa na nyuzi 0, ukiweka volti 100 kwa kila sentimita, ioni ya atomi moja husonga takriban mita 1.5 kwa sekunde. Ile ya atomi mbili husonga takriban mita 1.8.

Waliopanda daladala Dar es Salaam wanajua maana ya kufaulishwa: gari linakatisha safari, unahamishiwa lingine lililosimama, mnaanza upya. Hapa chaji ndiyo abiria. Ioni ya atomi moja ikipita karibu na atomi ya arigoni, huweza kuinyang'anya elektroni. Iliyokuwa ioni inaendelea na mbio zake bila chaji, na chaji inabaki kwa ile nyingine, ambayo umeme haukuwa umeisukuma bado. Ioni ya atomi mbili haifaulishi kirahisi hivyo, maana majirani zake ni atomi mojamoja, si wa aina yake.

Sasa, gesi ikiwa nzito, ioni ya atomi moja haidumu. Ikikutana na atomi mbili kwa mpigo, moja hunasa na nyingine huondoka na nishati iliyozidi. Msongamano wa gesi ukiongezeka mara 2, jambo hili hutokea haraka mara 4. Hata katika kanieneo ya kawaida huchukua chini ya sehemu ya milioni moja ya sekunde.

Lakini msongamano huohuo huongeza migongano, na mwendo hupungua. Arigoni ikiwa kimiminika, hata kwa volti 500 kwa sentimita, ioni hujikokota milimita chache tu kwa sekunde. Elektroni hupita kwa zaidi ya kilomita moja kwa sekunde!

Jamani, hili si la kwenye karatasi tu. Mtambo wa MicroBooNE huko Fermilab, karibu na Chicago, ulinasa picha za nyutrino ndani ya arigoni kimiminika kuanzia 2015 hadi 2021. Ulikuwa karibu na uso wa ardhi, hivyo miale ya anga iliupiga bila kukoma. Elektroni zilivuka upana wa mita 2.5 kwa milisekunde chache, ila ioni zilihitaji dakika kadhaa. Zikalundikana, zikavuruga uga wa umeme, na njia za chembe zilizonyooka zikaonekana zimepinda. Ilibidi upindaji huo upimwe na kila picha isahihishwe. Kwa hiyo anayesanifu mtambo wa namna hii akipigia hesabu elektroni peke yake, picha zake zitamdanganya.